Sahihi ya Shangazi

Wifi yangu ni fundi wa sare za shule, na sijui mtu mwingine anayewajua watoto wa mtaa wetu kama yeye. Ana daftari kubwa lenye jalada gumu, na kila mtoto ana ukurasa wake: kifua, kiuno, urefu wa mkono, urefu wa sketi au suruali. Majina hayamkai kichwani, kwa hiyo kawaandika anavyowakumbuka. "Mapengo." "Mjukuu wa kinyozi." "Yule asiyetulia." Kila mwaka kabla shule hazijafunguliwa wanapanga foleni mlangoni, anawapima mmoja mmoja, anatazama vipimo vya mwaka uliopita, kisha anamgeukia mama mtu: "Huyu kaongezeka inchi mbili. Mnamlisha nini, mbolea?" Mama anacheka, mtoto anavimba kichwa.

Mtoto mmoja tu hakuwa na ukurasa katika daftari lile, naye ni binti yake wa kumzaa. "Wa kwangu nimpimie nini?" alikuwa akisema. "Huyu nakata kwa macho."

Mimi ni dada wa marehemu mume wake. Kazi yangu katika chumba chake cha ushonaji ni vifungo, pindo na pasi. Nimeolewa mara mbili, na mara mbili nimerudi na sanduku langu. Niliporudi mara ya pili kaka yangu alikuwa bado hai, akaniambia nimsaidie mkewe kazi wakati najipanga. Huu ni mwaka wa kumi na moja na bado najipanga. Nilipata chumba changu nyumba ya tatu kutoka kwao, lakini mchana wote niko pale, mimi na pasi yangu mwisho wa meza ya kukatia, yeye kwenye cherehani chini ya dirisha, amenipa mgongo ili apate mwanga. Mgongo wa wifi yangu naujua kuliko uso wake. Akikasirika unanyooka.

Binti yao tulimwita Redio. Kaka yangu ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuzimika. Alikuwa akirudi shule anaanza kusimulia akiwa bado nje ya lango, nani kapigana, mwalimu gani kasinzia darasani, na wakati anavua viatu taarifa ya habari inakuwa imefika katikati. Mteja aliyekuja kuchukua sare moja alikaa saa nzima kumsikiliza.

Kaka yangu alifariki Redio akiwa na miaka kumi na mitatu. Tulilia sote, tukanyamaza sote, kazi zikaendelea. Miaka mitatu baadaye ndipo mtoto alipoanza kuzimika. Si kwa siku moja. Kwanza alianza kujibu kwa neno moja, halafu kwa kichwa. Akirudi shule anapitiliza chumbani na kulala na sare yake. Chakula anakigusagusa na kukisukuma pembeni. Nywele alizokuwa akizihangaikia mbele ya kioo zikakaa wiki mbili bila kitana. Wateja wakawa wanamtania: "Vipi Redio, betri zimekwisha?" Nami nilitania vilevile, tena zaidi ya wote. Nikikumbuka natamani ardhi inimeze.

Wifi alikuwa na jibu moja tu. "Ni umri huo. Utapita."

Siku moja nilikuwa napiga pasi sketi ya shule ya Redio. Mimi sketi huianzia upande wa ndani, kwenye mishono, na nilipoigeuza nikaona kiunoni mishono mitatu sambamba. Wa kwanza uzi wa bluu, wa pili uzi wa bluu, wa tatu uzi mweusi kwa sababu wiki ile bluu ilituishia. Kila mmoja umeingia ndani zaidi ya mwenzake. Nilishika pasi hewani mpaka mkono ukachoka. Sketi ile ilishonwa mwanzo wa muhula, na muhula ulikuwa haujaisha.

"Wifi," nikasema, "hii sketi umeipunguza mara tatu."

"Ilikuwa inamvuka."

"Na hukujiuliza kwa nini inamvuka?"

Hakugeuka. "Nimeipunguza, sasa inamkaa vizuri. Unataka nini tena?"

Hilo ni kosa la fundi, na sidhani mtu wa kazi nyingine angelifanya. Nguo ikikataa mwili, fundi anashughulikia nguo. Mkono wake unakwenda kwenye mkasi kabla kichwa hakijauliza. Angekuwa ni yule Mapengo au mjukuu wa kinyozi, angefungua daftari, angeona kiuno kimepungua inchi nne, angemwita mama mtu pembeni na kumwambia mtoto wako anaumwa. Lakini wa kwake alimkata kwa macho, na macho ya mama, Mungu atusamehe, huona yanachotaka.

Jioni ile nilimfuata Redio chumbani kwa kisingizio cha kumpelekea sketi. Alikuwa amelala anatazama ukuta. Nikakaa kitandani, nikasema utani wangu mmoja mbovu, hakucheka, nikaacha utani.

"Una nini, mwanangu?"

"Nimechoka, shangazi."

"Si ulale?"

"Nalala sana. Nikiamka nimechoka vilevile." Alivuta shuka mpaka kidevuni. "Asubuhi nikifungua macho naona bora nisingeyafungua."

Nilijikaza nisipige kelele. Nikamuuliza kama amemwambia mtu mwingine. Akasema alimwambia mwalimu wao mmoja wa kike, na mwalimu akampa fomu ya kwenda kumwona mshauri kwenye kliniki ya vijana, katika kituo cha afya. Ilihitaji sahihi ya mzazi au mlezi. Alimpa mama yake.

"Akasemaje?"

"Mwulize mwenyewe. Ipo pale ukutani."

Sikumwelewa mpaka kesho yake. Fundi wetu hatupi karatasi. Karatasi yoyote ngumu kidogo anaichora na kuikata iwe kielelezo, cha kola, cha mkono, cha mfuko, kisha anaitundika kwenye msumari pamoja na nyingine. Nikapekua moja moja. Kielelezo cha mfuko wa shati, saizi ndogo, kilikuwa na maandishi ya chapa upande wa nyuma: "...hia mwanangu kupata hudu..." na chini yake mstari mtupu wa sahihi, uliokatwa katikati. Mifuko ya watoto sijui wangapi ilikuwa imeshakatwa kwa karatasi ile.

Nilichukua uamuzi nikiwa nimesimama palepale. Sikumwuliza wifi lolote. Nilimwambia Redio aombe fomu nyingine, nikaweka sahihi yangu mahali palipoandikwa mlezi. Kuandika kwangu ni kwa kubabaisha, herufi zinaegemeana kama walevi, lakini sikuwahi kuandika kitu kwa uhakika kama ule.

Ikawa kila Alhamisi saa tisa mchana mimi na Redio tunakwenda "kununua vifungo". Wifi alishangaa kidogo. "Vifungo gani hivyo kila wiki?" Nikamwambia vya siku hizi vinapasuka kwenye pasi. Ili uongo usimame ilibidi nirudi navyo kweli, na baada ya miezi miwili nilikuwa na makopo manne ya vifungo vyeupe ambavyo sitavimaliza maishani mwangu.

Kliniki yenyewe ilikuwa mlango mmoja mwisho wa ukumbi, umebandikwa karatasi iliyoandikwa Vijana, na nje benchi la mbao. Mshauri alikuwa msichana mdogo, nikamdharau mara moja. Nikajisemea, huyu naye ana nini cha kumwambia mtu? Lakini siku ya kwanza alinieleza vizuri, kwa upole na bila kunifanya mjinga. Alisema huo ni ugonjwa, unaitwa sonona, si ukaidi wala si uvivu, na wengi wanapona wakipata msaada mapema. Akaniuliza hali hiyo ilianza lini. Nikamhesabia kwa mishono ya sketi. Akaandika yote.

Mimi nilikaa kwenye benchi, Redio akaingia. Siku ya kwanza alitoka na macho mekundu. Ya pili vilevile. Wiki ya sita tulikuwa njiani tunarudi, nimekazana kutembea nisichelewe pasi yangu, nikasikia sauti nyuma yangu: "Shangazi, unatembea kama mtu aliyeibiwa kiatu kimoja."

Niligeuka. Alikuwa anatabasamu, kidogo tu, upande mmoja wa mdomo. Nililia pale barabarani watu wakiniangalia. Yeye akawa ananivuta mkono, "Shangazi, basi bwana, aibu!" Hiyo ndiyo siku yangu nzuri kuliko zote katika habari hii, na naisimulia sasa kwa sababu mbele hakuna nyingine kama hiyo.

Aliyetuchoma ni mteja. Wala hakuwa na nia mbaya. Alikuja kuchukua suruali za wanawe, akamwambia wifi, "Pole na kumuuguza binti. Niliwaona kituo cha afya, kwenye lile benchi la vijana." Nikauona mgongo wa wifi ukinyooka. Alimkunjia mteja suruali zake, akamuaga vizuri, akaendelea kushona mpaka jioni bila kunisemesha.

Alhamisi iliyofuata tulipofika kwenye benchi tulimkuta amekaa. Alikuja na haraka kiasi kwamba futi yake ya kupimia ilikuwa bado shingoni. Mshauri alipofungua mlango wifi akasimama.

"Nani amekupa ruhusa ya kuongea na mwanangu?"

Mshauri akasema kuna sahihi ya mlezi.

"Mlezi ni mimi. Nimemzaa mimi, nalala naye nyumba moja mimi. Huyu ni dada wa marehemu mume wangu, anapiga pasi." Akamshika Redio mkono. "Mwanangu si mwendawazimu. Twende."

Mshauri alimwomba aingie yeye mwenyewe, dakika kumi tu, asikilize. Akamwambia ukweli bila kuzunguka, kwamba mtoto akikatishwa sasa kuna hatari, na akaitaja hatari yenyewe. Wifi akasema hatari ni hayo maneno wanayomtia mtoto kichwani. Redio alinitazama mara moja, akaondoka na mama yake, na ile futi ikining'inia mgongoni mwa wifi mpaka walipopotea mwisho wa ukumbi.

Nyumbani niliwaka. Nilimwita mkatili, nikamwambia anaua mtoto kwa ajili ya kuogopa midomo ya wateja. Aliniacha nimalize. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kufanya kazi pamoja, aligeuza kiti chake kabisa tukatazamana.

"Midomo ya wateja?" akasema. "Wifi, unakumbuka jikoni kwa mama yako?"

Nilikumbuka, ila sikutaka.

Wifi alikuwa na kaka mkubwa. Kijana alichanganyikiwa akiwa na miaka ishirini, wakampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa mwaka mzima. Aliporudi mikono inatetemeka na watoto wanamwandama barabarani. Tangu hapo nyumba yao ikapewa jina. Mchumba wa kwanza wa wifi aliposikia, akavunja uchumba. Wa pili alikuwa kaka yangu, naye hakujali. Waliojali tulikuwa sisi. Siku alipoletwa kututembelea nilikuwa jikoni na mama, nikasema kwa sauti ambayo ilitoka hadi sebuleni, "Wasichana wote hawa, akaenda kuokota kwenye ukoo wa vichaa." Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliona nimesema jambo la maana.

"Nilikuwa mlangoni," wifi akasema. "Nimekuja kuwasaidia kuosha vyombo. Nikaapa kwamba nikizaa, mtoto wangu hataguswa na jina hilo. Halafu leo wewe, wewe, unamshika mkono kumpeleka?"

Nilimwomba msamaha, na akasema amenisamehe siku nyingi, lakini Redio hatarudi kule. Angemtibu kwa kazi. Mtoto akiwa na kitu mkononi, alisema, hana nafasi ya kuwaza.

Basi Redio akakalishwa kwenye cherehani ya pili. Akitoka shule anashona pindo mpaka jioni, mishono imenyooka, hakosei, hasemi. Wifi akawa ananinong'oneza, "Unaona? Ametulia." Mimi niliona. Mshauri alikuwa amenieleza dalili za kuangalia, nami niliziona moja baada ya nyingine, na nilisema, tena si mara moja. Lakini nilisema kwa sauti ya mtu aliyeshikwa na deni la maneno yake ya zamani. Ningepaswa kumchukua mtoto kwa nguvu. Ningepaswa kwenda kwa yule mwalimu, ningepaswa kupiga mayowe mtaa mzima. Nilipiga pasi.

Wiki ya tatu, Jumanne mchana, Redio alijaribu kujitoa uhai. Tulimwahi. Zaidi ya hapo sisemi, kwa sababu ni lake yeye.

Hospitalini wifi alitia sahihi kila karatasi aliyopewa bila kusoma. Mkono ule usiotetemeka kwenye kitambaa ulikuwa unatoboa karatasi. Daktari alipotoka akasema mgonjwa ameamka na anaweza kuona mtu mmoja. Wifi akasimama. Daktari akainamisha macho.

"Amemwomba shangazi yake."

Niliingia. Redio alikuwa mdogo kwenye kitanda kile. Aliuliza kama mama yupo nje. Nikamwambia yupo, analia, anataka kuingia. Akafumba macho.

"Nilimwambia yeye kwanza, shangazi," akasema. "Kabla ya mwalimu, kabla yako. Nilimwambia, mama, natamani kufa. Akaniambia nimshikie ncha ya kitambaa akate."

Hakuwa na hasira alipoyasema, na bora angekuwa nayo. Nilitoka nikamwambia wifi mtoto amelala.

Alipotoka hospitali alikuja kukaa kwangu. Madaktari waliona hivyo ni bora kwa muda, na wifi hakupinga. Aliniletea nguo zake zote zimekunjwa, akaniambia anachopenda kula, kana kwamba simjui. Alhamisi zikarudi, safari hii kwa sahihi yake halali. Akawa anatufuata nyuma hatua ishirini, anakaa mwisho wa benchi akisubiri aitwe. Mshauri alimwuliza Redio mara nyingi kama yuko tayari mama aingie. Kila mara alisema bado. Hakuna aliyemlazimisha.

Alipotimiza miaka kumi na minane walimpa fomu mpya, aandike mtu mmoja ambaye anaruhusu aelezwe habari zake. Akaniandika mimi. Chini akaongeza kwa mwandiko wake mzuri: "Mama yangu asiambiwe kitu." Wifi alikuwa amekaa pale nje. Nilimweleza mwenyewe, kwa sababu sikutaka asikie kwa karani. Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, akainuka, na Alhamisi iliyofuata hakuja.

Sasa Redio anaendelea vizuri. Nasema hivyo kwa furaha, na sitaki mtu aniondolee furaha hiyo. Amerudi masomoni, ameongezeka mwili, anaongea na rafiki zake mpaka nawafukuza. Tukirudi kutoka kliniki hunisimulia anachotaka kunisimulia. Miezi ya mwanzo ilikuwa ni mama, mama, mama, analia njia nzima. Baadaye ikapungua. Tangu miezi mitano iliyopita hamtaji kabisa. Siku moja nilimwuliza mshauri kama hilo ni jambo zuri. Akasema kwa sasa ni zuri, mtoto ameutua mzigo, tumwache apumue. Wakikutana barabarani Redio humwamkia mama yake kwa heshima, "Shikamoo mama," kama anavyomwamkia mtu mzima yeyote, na kupita.

Mimi na wifi bado tunafanya kazi chumba kimoja. Alhamisi jioni nikirudi haniulizi. Anaendelea kushona, nami nawasha pasi. Ila wiki iliyopita alisimamisha cherehani katikati ya mshono, jambo ambalo halifanyi, na akasema akiwa bado amenipa mgongo:

"Wifi, najua huruhusiwi kuniambia. Sikuulizi anasema nini. Nataka kujua kitu kimoja tu. Ananitaja?"

Nilitazama pasi. Nilifikiria neno nililolisema jikoni nikiwa na miaka kumi na tisa, lilivyotoka kirahisi, na ukweli huu unavyokataa kutoka.

"Anakutaja," nikasema. "Kila Alhamisi."

Mabega yake yakashuka. Akajifuta uso kwa mkono wa shati la mtoto wa mtu alilokuwa analishona, kisha akaniomba nimsimulie, kama hakuna ubaya, binti yake anavyomtaja. Nikavuta kigoda karibu naye, nikaanza kutunga.